Naomba ushauri: sensa ya dopamini inasoma vizuri kwenye bafa, kwenye plazima inagoma

Wakuu, habari za kazi. Niko mwaka wa pili wa uzamili wa kemia, mradi wangu ni sensa ya kielektrokemia (inapima mkondo wa umeme kemikali ikioksidishwa) ya kupima dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye neva, kwenye damu. Natumia elektrodi za kaboni za kuchapishwa, vipande vidogo kama vile vya kupimia sukari.

Kwenye bafa (myeyusho unaotunza pH) ya pH 7.4 mambo safi: kilele cha mkondo kwenye grafu ni chembamba, kinasimama karibu na volti 0.2. Nikiweka plazima, yaani majimaji ya damu bila chembe, kinageuka kilima kimoja kipana. Vitamini C na asidi ya yuriki nazo zinaoksidishwa jirani na hapo, tena vitamini C kwenye damu iko kwa makumi ya maikromoli kwa lita wakati dopamini ni nanomoli (ndogo mara elfu) au chini yake. Nikapaka Nafion, aina ya plastiki inayopitisha ioni, maana chaji yake hasi inaisukuma vitamini C na kuivuta dopamini yenye chaji chanya. Imesaidia sana. Lakini kufikia kipimo cha tatu mkondo umeshuka karibu nusu; nahisi protini zinaganda juu ya kaboni, na dopamini yenyewe ikioksidishwa huacha utando.

Aliyepita njia hii anisaidie: nitoe protini kwanza kwa asidi ya pakloriki? Naogopa pH ikishuka kilele nacho kitahama. Au kila kipimo kipande kipya? Nimebakiwa na 11 tu, vingine vinaagizwa nje.

Nimewaza pia kuhamia serotonini, kemikali nyingine ya neva, kwenye damu ni nyingi zaidi, imehifadhiwa ndani ya chembe sahani (zile za kugandisha damu). Msimamizi bado hajakubali.