Mjadala: Sinema iliibadilisha Marekani, au ilikuwa inaifuata nyuma?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila risasi zikilia shuleni huko Marekani, hazipiti siku mbili kabla mtu hajasimama kulaumu muvi. Na kila filamu yenye nyota mweusi ikijaza kumbi, anasimama mwingine kuipongeza Hollywood kwa kuua ubaguzi. Hawa wawili wanajiona mahasimu, kumbe imani yao ni moja: kwamba mtu hubadilishwa na anachokiona kwenye skrini. Mimi nabisha. Naona Wamarekani walibadilishwa zaidi na yale waliyozuiwa kuyaona.

Nitaanza na mfano unaonipinga, msije mkasema nimeuficha. Februari 1915 filamu ya D. W. Griffith, *The Birth of a Nation*, ilianza kuonyeshwa Los Angeles. Ni saa tatu za picha bila sauti. Weusi waliotoka utumwani wanaonyeshwa kama wanyama, na wengi wa hao "weusi" ni wazungu waliojipaka masizi, halafu Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, wanatokea juu ya farasi kama wakombozi. Mwezi huohuo ikapelekwa Ikulu, Rais Woodrow Wilson akaitazama. (Ile sentensi ya kuisifu anayobandikwa Wilson kila mahali tuiache, hakuna ushahidi wa maana kwamba aliitamka.) Novemba, William Simmons, mtu aliyewahi kuwa mhubiri, akapanda Stone Mountain huko Georgia na wenzake, wakawasha msalaba na kuifufua Klan iliyokuwa imekufa tangu miaka ya 1870. Filamu ilipofika Atlanta Desemba, tangazo la Klan mpya lilitoka gazetini ubavuni mwa tangazo la filamu.

Na huo msalaba wenyewe! Klan ya kwanza haikuwa na desturi ya kuchoma misalaba. Jambo hilo lilitoka kwenye riwaya ya Thomas Dixon, ambayo Griffith aliigeuza filamu. Watu wazima, wenye wake na watoto, walichukua ibada iliyotungwa na mwandishi wa hadithi wakaifanya yao, na mpaka leo ndiyo alama yao ya kutishia watu.

Kwa hiyo sisemi sinema haina nguvu. Ila mwezi huohuo wa Februari 1915 kulitokea jambo ambalo halisimuliwi sana. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya kampuni ya filamu ya Mutual dhidi ya jimbo la Ohio, lililokuwa na bodi ya kukagua filamu, kwamba filamu ni biashara tupu, hivyo hailindwi na uhuru wa kujieleza. Uamuzi huo ulisimama hadi 1952. Studio zikaogopa kwamba kila jimbo litakuja na mkasi wake, zikajitungia kanuni zenyewe mwaka 1930. Miaka minne ya kwanza zilipuuzwa. Mwaka 1934 akapewa rungu Joseph Breen, msimamizi wa kanuni hizo: studio ikitoa filamu bila muhuri wa ofisi yake, faini dola 25,000, na kumbi kubwa, ambazo zilikuwa mali ya studio hizohizo, haziipokei.

Kati ya yaliyokatazwa ni mapenzi ya mweusi na mzungu. Liliandikwa waziwazi, wala hawakulizungushia maneno. Matokeo yake? Anna May Wong, nyota wa asili ya Kichina aliyezaliwa Los Angeles, aliikosa nafasi ya mke wa mkulima wa Kichina katika *The Good Earth* ya 1937. Mume alikuwa amekwisha kupewa Paul Muni, mzungu, na kanuni hazikupenda kuchanganya. Nafasi ikaenda kwa Luise Rainer, mzungu pia, na Oscar akapata. Mwaka 1949 studio ilijitutumua kusimulia mapenzi ya binti mweusi na daktari mzungu, filamu inaitwa *Pinky*. Huyo binti mweusi aliigizwa na Jeanne Crain. Mzungu!

Klan ya Simmons ilisambaratika kabla miaka ya 1920 haijaisha vizuri. Kile kifungu cha kukataza mapenzi ya mweusi na mzungu kiliondolewa 1956. Mimi nauliza, kati ya hivyo viwili, kipi kilikaa zaidi kichwani mwa mtoto aliyekuwa anaingia sinema kila Jumamosi? Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mfano wako wa Klan umeurukia katikati. Kuanzia 1915 hadi 1920 Simmons alikuwa na wanachama elfu chache tu, na filamu ilikuwa imeshazunguka nchi nzima. Kilichowakuza ni biashara. Mwaka 1920 aliwaajiri watu wawili wa matangazo, Edward Clarke na Elizabeth Tyler. Kiingilio kikawa dola 10, na aliyekuleta anabaki na dola 4 mfukoni. Hapo ndipo walipofika mamilioni. Ongeza hasira ya baada ya vita, woga wa wahamiaji Wakatoliki na Wayahudi, na Weusi waliokuwa wanahamia kaskazini kwa maelfu. Ukiwa na kamisheni ya asilimia 40 unaweza kuuza chuki hata mahali pasipo na ukumbi wa sinema.

Mchangiaji wa pili

Hizi habari za "filamu ilisababisha" nazipokea kwa tahadhari. Kuna ile ya Clark Gable, nyota wa Hollywood: mwaka 1934 alivua shati kwenye filamu, ndani hana fulana, eti mauzo ya fulana yakaanguka Marekani nzima. Inarudiwa kila mwaka, na takwimu za viwanda za kuithibitisha hazijawahi kuletwa mezani.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu mleta mada, unawalaumu wadhibiti, lakini umeiacha Ohio njiani. Bodi ileile iliyoshinda kesi Februari 1915 ndiyo iliyokuja kuipiga marufuku filamu ya Griffith. Kansas nao wakaizuia. Na waliokuwa wanapigania izuiwe ni Weusi wenyewe na NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Boston, William Monroe Trotter, mhariri wa gazeti, alikamatwa na polisi kwenye maandamano ya kuipinga. Uamuzi unaouona ni pingu kwa sinema uliwapa watu hawa silaha pekee waliyokuwa nayo. Ungekuwa mweusi wa Boston mwaka huo, ungemwambia Trotter aheshimu uhuru wa Griffith kujieleza?

Mleta mada

Mchangiaji wa kwanza, hao wapiga debe wa dola 4 walikuwa wanaionyesha filamu hiyohiyo kuvutia wateja, na Klan iliendelea kuitumia hivyo miaka mingi baadaye. Kamisheni inamfanya mtu atembee nyumba kwa nyumba. Akishafika mlangoni anahitaji kitu cha kuonyesha.

Swali la Trotter ni gumu na sitamtupia jiwe. Nitasema tu kilichofuata. Mwaka 1920 Oscar Micheaux, mtengeneza filamu mweusi, alitoa *Within Our Gates*, na ndani yake akaonyesha familia ya Weusi inavyonyongwa na kundi la wazungu. Bodi ya Chicago ikaikataa mwanzoni. Hoja yao: mji ulikuwa umetoka kwenye ghasia za kibaguzi za 1919, wasije wakachochea nyingine. Filamu ya Griffith ilikwisha kupita Chicago. Mkasi ukishakuwepo mezani, anayeushika humchagui wewe.

Mchangiaji wa nne

Mimi naona wote mnaipa sinema heshima isiyostahili. Tazameni tarehe. Juni 1967 Mahakama ya Juu ilifuta sheria za kuzuia ndoa za mweusi na mzungu, kesi ya Loving dhidi ya Virginia. Sidney Poitier, mwigizaji mweusi, alipelekwa ukweni kwa wazungu kwenye *Guess Who's Coming to Dinner* Desemba 1967. Miezi sita baadaye! Wakati ile filamu inapigwa hilo lilikuwa bado kosa la jinai kwenye majimbo kadhaa, sawa, lakini wananchi walipokaa kuitazama sheria ilikuwa imeshabadilika. Na tukumbuke 1940, Hattie McDaniel, mwigizaji mweusi, anapokea Oscar na meza yake imewekwa pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Hao ndio wa kuifundisha nchi usawa?

Hata *The China Syndrome*, inayosifiwa kuwatisha Wamarekani kuhusu nyuklia, ilitoka 16 Machi 1979, na tarehe 28 mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island huko Pennsylvania ukaharibika kweli. Bila ile ajali ingekuwa filamu ya kawaida ya kusisimua.

Mchangiaji wa tano

Mleta mada tuletee filamu moja tu ya Hollywood iliyotangulia sheria. Moja.

Mleta mada

*I Am a Fugitive from a Chain Gang*, 1932. Ni kisa cha kweli cha Robert Burns, askari aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, akakamatwa Georgia kwa wizi wa chini ya dola 6, akafungwa minyororo miguuni na kupelekwa kwenye kazi za sulubu. Alitoroka mara mbili. Filamu ilipotoka bado alikuwa anasakwa. Akakamatwa New Jersey, na gavana wa huko akakataa kumrudisha. Georgia iliachana na mfumo ule wa minyororo miaka ya 1940, na mwaka 1945 ndipo ilipomhesabia Burns kifungo chake kimekwisha. Mangapi yaliletwa na filamu na mangapi na kitabu chake, tunaweza kubishana. Ila sinema ilifika zaidi ya miaka kumi kabla ya sheria. Na iangalieni hiyo 1932: Breen alikuwa bado hajaingia ofisini. Baada ya 1934 studio gani ingethubutu kumaliza filamu kwa mtu asiye na hatia anayeishia gizani, akiishi kwa kuiba?

Mchangiaji wa nne

Mfano mzuri, lakini unakugeukia. Jina la kitabu cha Burns lilikuwa na neno Georgia. Warner Bros. walipotengeneza filamu walilitoa, na jimbo halitajwi mwanzo hadi mwisho. Breen hayupo, muhuri haupo, faini haipo. Nani aliwazuia?