Naomba ushauri: nyumba jirani na laini kubwa ya umeme

Habarini wakuu. Nimepata nyumba ya vyumba 3 huku Kibamba, bei nafuu kuliko zote nilizozunguka kuona. Shida ni kwamba nyuma ya uzio kuna mkuza (ukanda wa ardhi unaoachwa kwa ajili ya laini) wa umeme wa kilovolti 220, laini ya Morogoro kwenda Ubungo. Kutoka ukutani hadi chini ya waya wa pembeni nimehesabu hatua 38. Usiku wa manyunyu nyaya zinanguruma kabisa.

Dalali anasema pako salama (dalali naye!). Mwenyekiti wa mtaa anasema nyumba haijawahi kupigwa X ya kubomolewa. Hati hakuna, ni karatasi ya mauziano tu. Kuhusu afya, nimesoma kwamba mwaka 2002 IARC, taasisi ya saratani ya WHO, iliuweka uga sumaku wa umeme (nguvu ya sumaku inayozunguka nyaya) kundi 2B, yaani huenda unasababisha saratani, haijathibitishwa. Hilo linamkosesha mke wangu usingizi; mimi naogopa zaidi bomoabomoa.

Mpaka wa mkuza nauthibitisha wapi kwa maandishi, TANESCO au ardhi manispaa? Na kuna aliyenunua sehemu kama hii, akija kuuza anapata mteja?