Je, mgawanyiko wa Kupro ulianza mwaka 1974?

Mwanafunzi wa Historia
Ndugu zangu, maandishi mengi juu ya Kupro huanza na majeshi ya Uturuki kutua kisiwani tarehe 20 Julai 1974, kana kwamba kabla ya siku hiyo Wagiriki na Waturuki wa huko walikuwa wakiishi kwa amani. Ndivyo ilivyokuwa? Na kwa nini Wagiriki, wanaolalamikia kugawanywa kwa kisiwa, walikataa mpango wa kukiunganisha mwaka 2004?

Msomaji wa Zamani
Sivyo, ndugu. Mstari wa Kijani, yaani mpaka unaoupasua mji mkuu wa Nicosia, ulichorwa na jenerali wa Kiingereza mwishoni mwa mwaka 1963, baada ya watu kuuana mitaani, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa wapo tangu Machi 1964. Mimi naona mzizi uko katika katiba ya uhuru ya mwaka 1960, ambayo haikumtambua raia mpaka kwanza awe Mgiriki au Mturuki, hata jamii ndogo za Wakristo, Wamaroni na Waarmenia, zikalazimika kuchagua upande. Rais alikuwa Mgiriki, makamu wake Mturuki mwenye kura ya turufu, na nafasi za utumishi wa umma ziligawanywa 70 kwa 30, ilhali Waturuki walikuwa takriban asilimia 18 ya watu wote. Wagiriki waliona wameonewa. Rais Makarios alipopendekeza marekebisho 13 ya katiba hiyo, Waturuki nao wakaona wananyang'anywa kinga yao ya pekee.

Mwana wa Pwani
Nakubaliana nawe, ila tusiupunguze uzito wa mwaka 1974. Tarehe 15 Julai watawala wa kijeshi wa Ugiriki, huko Athens, walichochea mapinduzi dhidi ya Makarios, Uturuki ikaingia kwa hoja kwamba ni mdhamini wa katiba, na kufikia Agosti ilikuwa inashikilia zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Wagiriki zaidi ya 150,000 walipoteza makazi yao kaskazini, na makumi ya maelfu ya Waturuki wakahama kutoka kusini kwenda kaskazini. Ndiyo maana Mgiriki huanza kuhesabu maumivu yake mwaka 1974, na Mturuki, aliyekwisha kuishi miaka kumi katika vijiji vilivyozingirwa, huanzia 1963.

Msomaji wa Zamani
Kuhusu kura ya maoni ya Aprili 2004: Waturuki asilimia 65 walikubali, Wagiriki asilimia 76 wakakataa. Mpango ule uliwawekea wakimbizi mipaka ya kurudi kwao na kuruhusu baadhi ya askari wa Uturuki kubaki, huku Kupro ikiwa tayari imehakikishiwa kuingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei, kura iwe vyovyote. Kwa maoni yangu, uhakika huo wa mapema ndio uliowaondolea viongozi wa kusini sababu ya kuhimiza maridhiano.