Tupeane uzoefu: MySQL (programu ya hifadhidata) imeelemewa na hela ya seva mpya hakuna

fundi_mitambo: Anza na `vmstat 1`, amri ya Linux inayoonyesha hali ya mashine kila sekunde. Safu za si na so zikionyesha namba mfululizo, RAM imeisha na mashine inahangaika na swapu (sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa). Zikiwa sifuri lakini wa (muda wa prosesa kusubiri diski) iko juu, foleni iko kwenye diski. Ikiwa us (prosesa ikifanyia kazi programu) ndiyo iliyopanda, mara nyingi kuna kwiri (ombi la data kwa MySQL) inayosoma rekodi nyingi bila sababu.

Kisha washa slow_query_log, logi ya kwiri zinazochelewa. long_query_time (muda ambao kwiri ikiuzidi huandikwa humo) huja ikiwa sekunde 10, haikamati kitu. Weka 0.2 saa za msongamano, baadaye ipandishe, maana logi nayo hula diski. Ukibadilisha kwa SET GLOBAL (bila kuwasha upya MySQL), miunganisho iliyokwisha kufunguka haiguswi. Anzisha upya programu inayotumia hifadhidata, si MySQL. Kwiri ya nusu sekunde inayoitwa kila mara huchosha seva kuliko ripoti ya dakika 2 ya usiku.

bi_jedwali: Ukishaipata kwiri nzito, iwekee EXPLAIN mbele uone MySQL itaitekeleza vipi. Safu ya type ikisema ALL kwenye jedwali kubwa, linasomwa lote. Kabla hujaongeza indeksi (orodha ya kutafutia rekodi haraka), tazama kama iliyopo imezuiwa. `WHERE DATE(tarehe)='2024-03-01'` huikwepa; andika `tarehe >= '2024-03-01' AND tarehe < '2024-03-02'`. Hii nyingine hupita machoni pa wengi: namba ya simu imehifadhiwa kama maandishi (VARCHAR), halafu kwiri inailinganisha na namba isiyo na alama za nukuu. Indeksi haitumiki, na hakuna kosa linalotokea.

Indeksi moja ya safu mbili, (tawi, tarehe), kwa kawaida haimsaidii anayetafuta kwa tarehe peke yake.

kijana_wa_seva: innodb_buffer_pool_size (RAM ambamo MySQL huweka data isiisome diski kila mara) huja na MB 128 tu. Seva ya GB 8 isiyo na kazi nyingine, ipe GB 5. Kama Apache na PHP (programu za kuendesha tovuti) zimo humohumo, isizidi GB 3, la sivyo utaingia kwenye swapu na kuharibu zaidi. Na kupandisha max_connections (kikomo cha miunganisho ya wakati mmoja) kutoka 151 hadi 500 si dawa, ni kuongeza watu kwenye foleni ileile. Bafa (RAM ya muda) za kupanga na kuunganisha majedwali huchukuliwa na kila muunganisho kivyake.

bi_jedwali: Pia msirundike indeksi. Kila INSERT (kuingiza rekodi) huziandika zote.

fundi_mitambo: Diski ikiwa bado inalemewa na uandishi, innodb_flush_log_at_trx_commit=2 (logi haisukumwi kwenye diski kila muamala) hupunguza mzigo, ila umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala ya kama sekunde moja. Kwa logi za wageni wa tovuti, sawa. Kwenye malipo acha 1.