MDF au chuma? Fremu ya CNC ya mezani, niko Moshi

SeremalaPasua: Wakuu, habari za jioni. Nina ramani mbili za kujitengenezea CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ya kukaa mezani. Moja fremu yote ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18, mota za stepa (zinazokwenda hatua kwa hatua) za NEMA 17 na skrubu za kusogeza za T8. Nyingine ni bomba la skwea la kuchomelea, NEMA 23 na bolskrubu (skrubu zenye gololi) za 1605. Zote zinaendeshwa na programu ya GRBL kwenye bodi ya Arduino Uno. Mwisho wa mwezi kuna mtu anashuka Kariakoo, nataka nimpe oda. Nichukue ipi?

Mzee_wa_Leti: Hujasema unachonga nini, eneo la kazi lina ukubwa gani, wala mfukoni kuna ngapi. Tukushaurije?

mangi_umeme: Chuma, mkuu. MDF ni ya kabati. Na NEMA 23 ina nguvu, hiyo 17 ni ya printa.

Mzee_wa_Leti: Taratibu mangi. Hiyo 23 si nguvu, ni upana wa uso wa mota, inchi 2.3, kama milimita 57. Kuna 23 fupi inazidiwa na 17 ndefu. Soma karatasi ya mota kwanza.

DadaSakina: Yangu ni MDF, niko Arusha, inachonga vibao vya majina vizuri tu. Kingo zote nimezipiga vanishi zisinywe unyevu. MDF inatoka dukani imenyooka. Bomba ukilichomelea, joto linalivuta upande wa weldi, ukifunga reli juu yake kigari kinabana katikati ya safari. Una fundi wa kukusawazishia huo uso?

SeremalaPasua: Samahani, nilisahau. Ni vibao vya maduka na paneli za milango, mninga na mkongo. Baadaye labda aluminiamu.

mangi_umeme: Aluminiamu kwa fremu ya MDF? 😂 Itatetema hiyo.

Fundi_Majengo: Mnagombania fremu, mimi niwaambie kilichonikuta. Nachonga paneli ya mkongo, kipande kizima kisicho na kiungo, yamebaki maua ya pembeni tu, umeme ukaenda. Umerudi baada ya Isha. Sasa stepa haina kumbukumbu, bodi inahesabu hatua tu tangu ulipowasha. Na mashine niliyouziwa ilikuja bila limiti swichi (swichi ya mwisho wa safari) hata moja. Sifuri ya kuanzia nikaitafuta kwa jicho, biti ya kuchongea nikaishusha mpaka ikabana karatasi. Kimo kikakaa sawa, ila pembeni ikanipiga chenga kama milimita moja na nusu. Kila ua likawa na kingo mbili. Mteja alikuja na mkewe, akapitisha kidole juu ya mchongo, wakaondoka bila kusema neno. Ubao ulikuwa wangu.

mangi_umeme: Pole. Lakini hiyo si fremu, ni umeme. Weka UPS, betri ya akiba.

DadaSakina: UPS ya kompyuta ibebe spindeli (mota inayozungusha biti) ya wati 800, kwa dakika ngapi? Na ukiunga bodi na mota peke yake, spindeli inasimama huku ekseli za kusogeza zinatembea. Biti kwisha.

Mzee_wa_Leti: Limiti swichi, basi. Umeme ukirudi unairudisha mashine nyumbani kwanza, mpaka iguse swichi, halafu sifuri ya kazi inayo yenyewe, maana GRBL inaitunza G54, yaani hiyo sifuri, hata bodi ikizimwa. Swichi ni vitu vya bei ndogo, agiza na za akiba. Na ukihama skrubu badilisha hesabu ya hatua kwenye GRBL: T8 ya kawaida inasogea milimita 8 kwa mzunguko, 1605 inasogea 5. Stepa ya hatua 200 kwa mzunguko ukiigawa kila hatua mara nane, ya kwanza ni hatua 200 kwa milimita, ya pili 320. Bajeti bado hujasema.

SeremalaPasua: Nashukuru wakuu. Moyo uko kwenye chuma, ila fundi weldi wangu ni wa mageti. DadaSakina, mkongo mkavu unaupata wapi? Huku tunauziwa mbichi, ukikauka unajikunja.

DadaSakina: Nachukua mabaki kwa wanaotengeneza milango. Njoo pembeni nikuelekeze.

Fundi_Majengo: Na mimi nielekeze, dada.