Gari imelala, betri inaliwa

Dada Isyesye: Shikamooni wakubwa wote. Asubuhi hii nimefungua gari, dashibodi ikaniandikia kuwa betri inaishiwa nguvu kwa sababu ya vifaa vya umeme vilivyoongezwa. Nimepiga starta, ikavuta kwa shida ila ikawaka. Jana niliipaki ikiwa nzima kabisa. Kesho nampeleka Mama kliniki Tukuyu, sitaki tukwame njiani.

Mama: Mwanangu usihangaike, nitapanda kosta.

Dada Isyesye: Na hayo magoti, Mama? Hapana, tunaenda wote.

Baba Mdogo: Hiyo betri imekufa. Pita Mwanjelwa ununue nyingine, yaishe. Baridi ya mwezi huu haina huruma.

Shangazi Makete: Kweli kabisa. Huku majani yanaamka na barafu, magari ya watu yanagoma kila asubuhi.

Mjomba Mafinga: Marahaba mwanangu. Shemeji, tusimtume mtoto dukani kabla hatujajua nani anaila betri aliyonayo. Baridi hainyonyi umeme. Inaipunguzia betri uwezo wa kuutoa, na oili nayo inakuwa nzito, starta inadai nguvu zaidi. Ndiyo maana betri iliyopungua inaumbuka asubuhi. Lakini gari yenyewe imetaja vifaa vilivyoongezwa. Magari mengi ya sasa yana sensa kwenye kichwa cha hasi cha betri, inahesabu umeme unaotoka hata gari ikiwa imezimwa. Umefunga nini kipya?

Dada Isyesye: Kamera ya kioo cha mbele tu. Fundi alisema itarekodi hata nikiwa nimepaki.

Mjomba Mafinga: Fundi moto wa umeme kauchukua wapi? Wa ufunguo, unaokatika ukizima gari, au wa moja kwa moja kutoka betri?

Dada Isyesye: Hapo sijui, mjomba.

Mdogo Iyunga: Shikamoo mjomba, mimi niko hapa kwa dada na testa ya kupimia umeme ninayo. Gari imezimwa tangu asubuhi, betri inasoma volti 12.1.

Mjomba Mafinga: Marahaba mjomba. Iliyojaa na kutulia husoma 12.6 hivi. Kwenye 12.2 ujue imebaki nusu. Washa gari, pima tena.

Mdogo Iyunga: 14.2.

Mjomba Mafinga: Oltaneta, ile inayochaji betri, nzima. Sasa tumtafute mlaji. Zima, ufunguo upeleke ndani ya nyumba, mbali. Acha mlango wa dereva wazi ila kitasa kibane kwa bisibisi, gari idhani umefungwa. Fungua waya wa hasi, hamishia waya mwekundu wa testa kwenye tundu la ampea 10, kisha unga testa kati ya ule waya na kichwa cha betri. Mtu asiguse swichi ya kuwashia, fyuzi ya testa itaungua. Subiri nusu saa, kompyuta za gari nazo zina kawaida ya kuchelewa kulala.

Mdogo Iyunga: Imetulia kwenye ampea 0.38.

Mjomba Mafinga: Nyingi mno! Kawaida ni 0.05 kushuka chini. Kwa saa 24 hiyo ni zaidi ya ampea-saa 9, na betri yenu inabeba 45 tu. Ikipaki siku tatu, zaidi ya nusu imekwenda. Chomoa fyuzi mojamoja, tazama testa.

Mdogo Iyunga: Fyuzi ya taa za ndani! Imeshuka hadi 0.03. Natuma picha. Waya wa kamera umezungushiwa kwenye mguu wa fyuzi, na fyuzi haijazama vizuri.

Mjomba Mafinga: Hiyo picha inanitisha kuliko betri. Ikiwa waya umeshika upande unaotoka betri, hauna fyuzi ya kuulinda. Ukichunika ukagusa bodi, gari inaungua na mtu yumo ndani. Utoe sasa hivi, fyuzi irudi ikae sawasawa. Kamera ifungwe upya kwenye moto wa ufunguo, na iwe na fyuzi yake yenyewe.

Dada Isyesye: Imetoka tayari. Nikizunguka hadi Kabwe na kurudi, betri itajaa?

Mjomba Mafinga: Haitoshi. Inataka chaja usiku kucha, polepole, ampea 4 hivi. Mahali penye hewa, wala pasiwe na jiko la mkaa karibu. Betri ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka.

Baba Mdogo: Chaja ninayo, kijana anakuja nayo kwa bodaboda. Betri mpya tuiache kwanza.

Mama: Ndaga fijo, asanteni sana wanangu.

Binamu Njombe: Mjomba, na mimi ninayeiacha gari mwezi mzima nikisafiri?

Mjomba Mafinga: Fungua waya wa hasi kabla hujaondoka. Ila kwanza uliza kama redio yako ina namba ya siri, usije ukarudi ikakudai.