Kamera mbili mchana ziko poa, giza likiingia ya getini inazima na ya barazani inajaa ukungu. Shida nini?

Kibamba Juu
Wakuu, habari za jioni. Nina kamera nne za ulinzi za nje za megapikseli 2, zile za analogi, DVR (kisanduku cha kurekodi picha) ya chaneli 4 na pawa saplai moja ya chuma ya 12V 5A. DVR na pawa saplai viko sebuleni. Waya ni UTP (ule wa mtandao, nyuzi nane zilizosokotwa jozi jozi) yenye baluni za video, yaani viunganishi vidogo vya kupitishia picha kwenye waya huo, kila upande. Jozi moja inabeba picha, jozi nyingine umeme.

Kamera 1 (getini, waya kama mita 45): mchana safi kabisa. Kuanzia saa moja jioni picha inatetemeka, inakuwa nyeusi, inarudi sekunde chache, inapotea tena. Usiku kucha ndiyo mchezo huo.
Kamera 2 (barazani, ile ya kuba, mita 8): usiku ukungu mweupe umejaa, mtu anaonekana kama kivuli.
Kamera 3 (uani, mita 20): usiku haina neno, ila mchana majani ya mwembe yanakuwa ya pinki na nguo nyeusi zinageuka zambarau.
Kamera 4 haina shida.

Fundi aliyefunga anasema ya getini imekufa, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela naomba mawazo yenu.

Nusu Ampea
Usinunue kwanza mkuu. Kamera iliyokufa haichagui saa. Hiyo inaanguka pale taa zake za infraredi (mwanga wa kuonea gizani ambao macho karibu hayauoni) zinapowaka, na hapo ndipo inapotaka umeme mwingi. Mchana kamera ya aina hiyo inakula kama ampea 0.2, usiku taa zikiwaka inapanda hadi 0.4 au 0.5.

Piga hesabu ya waya. Uzi mmoja wa UTP ya kopa halisi una ukinzani wa karibu omu 8.4 kwa mita 100. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo mita zako 45 ni mita 90: omu 7.6 hivi. Zidisha kwa 0.45, volti 3.4 zinaishia njiani. Ukitoa 12 sebuleni, getini inafika 8.6. Na hapo nimekuhesabia kopa. UTP nyingi za bei ya chini ni alumini iliyopakwa kopa, na ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona rangi ya fedha ndani, ujue ndiyo yenyewe.

Volti zikishuka kamera inazima. Ikizima, mzigo unaondoka na volti zinapanda. Inawaka tena, inaona giza, inawasha taa, inaanguka. Ndiyo hiyo picha yako ya kuja na kupotea.

Kupima usisubiri usiku. Weka multimita kwenye DC 20V, pima pale kwenye jeki ya umeme ya kamera ikiwa imechomekwa na inafanya kazi. Hapo ndipo wengi wanakosea: ukichomoa jeki ukapima, mita itakupa 12 hata kama waya ni wa hovyo, maana hakuna kinachovuta. Ukishaandika namba ya kwanza, ziba sensa ya mwanga (kile kidoa kidogo katikati ya taa) kwa kidole au selotepu nyeusi. Kama kamera yako haina kidoa hicho, funika uso wote kwa kitambaa kizito. Subiri taa ziwake, angalia namba inakwenda wapi.

Chuma Chakavu
Mimi naona pawa saplai ndiyo ndogo. Kamera nne kwa 5A, weka ya 10A. Au fungua kale kaskrubu kadogo pembeni mwa saplai upandishe mpaka volti 15, getini itafika 12 bila kuvuta waya mpya.

Nusu Ampea
@Chuma Chakavu hapana kwa yote mawili. Kamera nne kwa 0.5 ni ampea 2, saplai ya 5A hata kama lebo imedanganya kidogo inatosha. Na saplai ya 10A haitapunguza hata omu moja ya waya.

Hiyo ya volti 15 ni hatari. Ya barazani ina mita 8 tu, itapokea 14 na ushee. Soma nyuma ya kamera: utakuta 12V na kiwango kinachovumilika, nyingine 10% juu na chini, nyingine 25%. Ya 10% mwisho wake ni 13.2. Kale kaskrubu unaweza kukatumia kufika 12.6 hivi, si zaidi.

Kibamba Juu
Nimepima leo saa nane mchana. Kwenye saplai 12.1. Getini kamera ikiwa inafanya kazi 10.3. Nikaziba kidoa: ikashuka 8.4, kamera ikazima, namba ikaruka juu, ikawaka tena. Sawasawa na ulivyoandika. Nimekwangua waya, ndani ni nyekundu ya kopa.

Waya Mweusi
Basi dawa unayo tayari ndani ya waya huo huo. UTP ina jozi nne na wewe unatumia mbili. Jozi mbili zimelala bure. Acha ya bluu ibebe video. Chungwa, kijani na kahawia ziunge pamoja: nyuzi tatu zenye rangi kamili ziende chanya, tatu zenye mstari mweupe ziende hasi. Fanya hivyo pande zote mbili. Ukiunga upande mmoja tu hujafanya kitu. Ukinzani unagawanyika kwa tatu, kwa hiyo badala ya kupoteza 3.7 utapoteza kama 1.2.

Zima saplai kabla ya kugusa. Menya sentimita 2, sokota nyuzi tatu kwa koleo, zilehemu kwa risasi au tumia kiunganishi cha skrubu, kisha hakikisha chanya na hasi kwa mita kabla ya kuchomeka kamera. Kiungo cha getini kikae ndani ya kiboksi cha plastiki kisichoingiza maji, waya uingilie chini na uwe na mkunjo wa kudondoshea maji kabla ya tundu. Kiungo kilichoviringishwa selotepu tu kitakuwa kijani kabla mvua za masika hazijaisha, na ukinzani utarudi palepale.

Kama geti lingekuwa mita 80, hapo ningesema vuta waya wa umeme wa pekee wa kopa wa 0.75 mm². Waya huo kwa mita 45 unapoteza kama volti moja. Njia ya adapta ya 12V 1A pale getini nayo inafanya kazi, ila wakati mwingine inaleta mistari inayopanda kwenye picha kwa sababu kamera na DVR zinakula umeme wa sehemu tofauti.

Lenzi Chafu
Mimi nachukua kamera 2. Kuba zina ugonjwa wake: taa na lenzi viko chini ya kifuniko kimoja, mwanga ukigonga kifuniko unarudi kwenye lenzi. Jaribio la dakika moja: usiku ingia kwenye menyu ya kamera uzime infraredi, uwashe taa ya baraza. Ukungu ukiondoka, lenzi yako haina kosa. Ni mwanga unarudi.

Halafu tafuta unarudishwa na nini. Buibui kwanza, maana hupenda joto la kamera, na uzi mmoja ulio sentimita 2 mbele ya lenzi unang'aa kama kamba. Kisha alama za vidole kwenye kifuniko. Kisha kile kipete cha sponji nyeusi kinachozunguka lenzi: lazima kiguse kifuniko pande zote. Mafundi wakishageuza lenzi huwa wanafunga bila kukirudisha, na mwanga unapenya hapo. Mwisho angalia kama ukuta mweupe, nguzo au dari viko chini ya mita moja ndani ya picha. Vikiwepo, kamera inapunguza mwanga kwa ajili ya hicho kilicho karibu, na uwanja wote unabaki giza. Geuza lenzi mpaka ukuta utoke kwenye picha kabisa.

Kifuniko kioshe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kausha kwa kitambaa cha kufutia miwani. Thina, petroli na dawa ya meno marufuku, vinachubua plastiki na ukungu huo hautatoka tena. Dawa ya wadudu puliza kwenye ukuta na mkono wa kamera, si kwenye kioo.

Nusu Ampea
Kamera 3 ni kichujio. Mbele ya sensa ya picha kuna kigae kidogo cha kioo kinachozuia infraredi. Mchana kinatakiwa kukaa mbele, usiku sumaku inakisukuma pembeni. Chako kimekwama pembeni, ndiyo maana usiku haulalamiki. Majani yanarudisha infraredi nyingi ya jua, hivyo rangi zinaharibika. Kingekwama upande wa pili ungeona kinyume: mchana safi, usiku giza huku taa zinawaka.

Kwenye menyu badilisha kutoka Otomatiki kwenda Rangi, kisha Nyeusi-Nyeupe, mara kumi hivi, mtu akiwa amesogeza sikio karibu na kamera. Unatakiwa kusikia "tik" kila mara. Ukisikia na rangi zikarudi, kilikuwa kimenata kwa vumbi. Usiposikia, gonga kiwiliwili taratibu kwa mpini wa bisibisi huku ukibadilisha. Hiyo ni dawa ya muda, kitakwama tena. Kipuri kinauzwa peke yake kikiwa na kishikio cha lenzi. Pima umbali wa matundu ya skrubu, mara nyingi milimita 20 au 22. Ila ukifungua, mpira wa kuzuia maji uurudishe vizuri, na usiguse sensa.

Pazia la Nailoni
Samahani nadandia. Yangu iko ndani ya dirisha inatazama nje, usiku inaonyesha uso wake yenyewe. Na nitajuaje kama taa zimeungua?

Lenzi Chafu
Kioo kinarudisha infraredi, hapo hakuna mpangilio wa menyu utakaokusaidia. Zima taa za kamera, weka taa ya kawaida nje au ya infraredi ya nanomita 850 (urefu wa wimbi la mwanga wake), au itoe kamera nje. Kujua kama taa zinawaka, zitazame gizani kupitia kamera ya mbele ya simu: utaona vidoa vya zambarau. Za nanomita 850 hata kwa macho zina wekundu hafifu. Za 940 macho hayazioni, na mwanga wake haufiki mbali kama wa 850.

Kibamba Juu
Mrejesho. Getini nimeunga jozi tatu: 10.8 taa zikiwa zimewaka, usiku wa pili haijazima. Barazani sponji ilikuwa imejikunja, sasa nauona uwanja mpaka ukutani. Ya uani imelia "tik" mara ya sita na rangi zimerudi. Limebaki moja: gari likifika getini namba yake inakuwa kibao cheupe kitupu.

Waya Mweusi
Kibao cha namba kimetengenezwa kurudisha mwanga ulikotoka, na taa zako zinakimulika usoni. Kwenye menyu weka kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) sekunde 1/500 na upunguze nguvu ya infraredi, namba itasomeka lakini watu na ukuta vitakuwa giza. Kamera moja haitakupa vyote viwili. Ukitaka namba, weka ya pili kwa kazi hiyo tu, na kabla ya kuivutia waya, piga tena ile hesabu ya omu.